Lori Nililoshuka

Kibondo, 10 Agosti 2014. Huu ni mwezi wa tatu tangu nitoke nyumbani.

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo? Mgongo unauma, ila kazi ya matofali inaendelea. Nimefurahi bibi yako amepona.

Umeuliza kama nasadiki maneno ya mwalimu wako, kwamba huenda zipo dunia nyingine ambamo sisi hawa hawa tunaishi maisha tofauti. Mimi niliishia darasa la nne, sijui. Lakini ujanani, pale Kasulu, nilikuwa nimeshapanda lori la kwenda kukata mkonge Tanga, shangazi yangu akatokea. Kwetu Uha mkubwa hasalimiwi kutoka juu ya gari. Nikashuka, nikapiga magoti. Akaanza kuuliza habari za kila nyumba, huku dereva akipiga honi.

"Shangazi, naachwa!"

"Uachwe. Habari za mama yako hujanipa."

Lori likaondoka. Kijana jirani yetu, Kagoma, alirukia nafasi yangu. Hakurudi, na hadi leo hatujui yaliyompata.

Nikikanyaga udongo humfikiria yule mimi aliyebaki kwenye lori, nikamhofia. Katika dunia yake wewe hukuzaliwa. Kama ipo, sitaki kuiona.

Nitarudi mvua za kwanza zikinyesha, maana matofali hayatakauka tena.

Babu yako