Miski ya Bibi Hunayda

Kwa dada yangu Atika, mjini Wasit.

Nakubusu mikono, dada, na namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa kitako, goti limepoa, na shemeji amepunguza kukoroma. Sisi wa Basra tu wazima. Joto ni lile lile, tende zimeiva, na binti yangu Mayya ananihesabia siku za harusi yake kana kwamba mimi sijui kuhesabu.

Msiba wetu huenda umeshausikia: Bibi Hunayda ametutoka. Alikufa Jumatatu ya wiki ya juzi, asubuhi, akiwa amesujudu. Wewe uliondoka Basra kabla jina lake halijavuma, kwa hiyo nikusimulie kidogo. Alikuwa mjakazi aliyeachwa huru. Miaka arobaini alisokota sufu, akanunua unga, akaoka mikate, na kila alfajiri akaiweka kwenye milango ya wenye njaa bila kubisha hodi. Hakuna aliyemjua hadi alipougua mguu na mikate ikakoma. Hapo ndipo mtaa mzima ulipotazamana.

Siku moja mjumbe wa gavana alimletea joho la hariri. Bibi akamwambia alirudishe, maana baridi ya Basra ameizoea, kinachomnyima usingizi ni moto wa kesho ahera. Mjumbe akamtania, bibi kizee kama yeye ana dhambi gani. Akamjibu, "Mwanangu, kujiona sina ndiyo ya kwanza." Nilikuwepo, dada. Yule kijana alitoka na joho lake analia.

Mimi ndiye niliyeitwa kumwosha. Nimeosha maiti miaka ishirini. Kafuri ya kuoshea maiti ilikuwa imeadimika sokoni, ndipo Sahl, muuza manukato, alipoleta chupa ya miski yenye thamani kubwa kuliko nyumba yangu, akanikabidhi mbele ya watu. Chumbani tukabaki wawili tu: mimi, na Nawwar, mwanafunzi kipofu wa Bibi, ambaye alikuwa akimimina maji.

Tulipofika maji ya mwisho, harufu ikajaa chumba kizima. Nawwar akaacha kumimina. Akasema, "We Rayta! Umemwaga chupa yote, nini? Sahl atazirai!" Nikamjibu kwamba ndiyo, nimeimwaga yote.

Harufu ilitufuata hadi makaburini. Waliobeba jeneza walikuwa wakigeuka huku na huku. Leo ni siku ya kumi na saba, na udongo wa kaburi lake bado unanukia. Wanawake wa mtaani sasa wanaoka mikate kwa zamu na kuiacha milangoni bila kujitaja, hata yule Umm Razin ambaye hajawahi kumpa mtu chumvi. Lakini ile harufu haimshangazi mtu. Wote wanasema ni miski ya Sahl, na Sahl anatembea sokoni kifua mbele.

Sasa nisikilize, dada, na hapa usisome kwa sauti. Miski ile sikuitumia. Wakwe zetu wa huko Wasit walipotaja miski katika vitu vya bibi harusi, nilijua siwezi kuinunua. Nawwar haoni, mlango umefungwa, nikaitia chupa kifuani. Nta ya mdomo wa chupa haijabanduka hadi leo, nimeikagua mara mia. Bibi Hunayda nilimwosha kwa maji ya kisima na majani ya mkunazi, basi. Tena miski naijua, na ile haikuwa miski. Sijui ilikuwa nini. 

Sheria ya kazi yetu mama alitufundisha sote wawili: aibu ya maiti ifiche, jema lake lishuhudie. Mimi nimelificha jema lake ili nifiche aibu yangu. Mungu amemtukuza mja wake, na shahidi ni mmoja tu, naye ni mwizi. Nikinyamaza, ajabu ile itabaki kuwa sifa ya duka la Sahl. Nikisema, hakuna atakayeniamini tena na maiti wake, na harusi ya Mayya huenda ikavunjika.

Mayya nimeshamwambia. Akaniuliza harufu ilianzia wapi. Nikamwambia ilianzia viganjani mwa Bibi. Akalia, halafu akasema, "Basi twende wote, mama."

Kesho Ijumaa, baada ya sala, nitasimama mbele ya wanawake na chupa mkononi. Nawe nakuomba uwaendee wakwe kabla uvumi haujawafikia, uwaeleze yote bila kuyatia asali. Wakimkataa mwanangu, usibishane nao. Najua hapa wataniuliza nani amwamini mwizi. Nitawaambia nilichokishuhudia, wao wataamua.

Nisalimie shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Uniombee sana, dada.

Mdogo wako Rayta, ambaye hadi kesho bado ni mwosha maiti wa Basra.