Vichupo Vyako Vimemfunika Mama Kulwa

Mpendwa mke wangu mdogo, Sabina,

Bibi yako hana wivu nawe, kwa hiyo nakuita ninavyokuita siku zote, ingawa leo ningefurahi kukupa talaka. Barua hii siifungi. Waisome na wenzako huko Dar, mnaokaa kwenye viti vya kuzunguka mkiharibu vitu vilivyokuwa vizima.

Unakumbuka mvua zilipokuzuia hapa Gongoni, ukakaa barazani na kompyuta mapajani, mimi pembeni na sahani ya karanga? Ukaniambia unatengeneza programu ya chama chetu cha wafuga nyuki kule Sikonge, ili alama tunazochonga kwenye mifuniko ya mizinga zisipotee wazee wakifa. Ukaeleza kwamba kwa ndani ni kurasa tu, zilezile za mtandao, ila zimevalishwa koti zikae kwenye kompyuta kama programu ya maana. Mimi na darasa langu la nne nikatikisa kichwa kama askofu. Nilikuwa nagusa kioo kwa kidole, nawe unapiga kelele: "Babu, mafuta!"

Nikakueleza tunavyoamua kesi. Wawili wakigombea mzinga, haitazamwi alama ya mmoja kwanza halafu ya mwingine. Mifuniko miwili inalazwa chini pamoja, watu wanaizunguka, kila jicho linaiona yote. Ambaye mfuniko wake haupo mbele ya watu, huyo hajasikilizwa. Ukacheka, ukafungua madirisha mawili, ubavu kwa ubavu, kila moja na picha ya mfuniko. "Kama hivi, mume wangu?" Kama hivyo hasa. Nilijivuna kama vile nimeiunda mimi.

Sasa nani kakuroga?

Juzi juzi kompyuta imesema kuna toleo jipya. Nikabofya, kwa kuwa nakuamini, mjinga mimi. Madirisha yakatoweka! Kila kitu kimebanwa ndani ya dirisha moja, na juu yake yameota masikio, mnayaita vichupo. Gusa sikio hili, ukurasa huu unaibuka. Gusa lile, wa kwanza unazama. Kichefuchefu kitupu. Ni kama nyumba ya vyumba kumi yenye taa moja ya kubeba mkononi. Majina nayo hayaenei kwenye hayo masikio, yanakatwa shingo. Na nikifungua mengi, kompyuta inahema kama mtu aliyebeba gunia la tumbaku.

Ningekutukana kidogo nikanyamaza. Lakini Jumamosi tulikaa kesi ya Mama Kulwa. Unamjua. Ndiye aliyekufunika kanga kichwani nilipokupeleka msituni kwa baiskeli, nyuki wakakuandama kwa sababu ulijipaka mafuta ya kunukia kama bibi harusi. Mumewe, Maganga, amefariki, kaacha mizinga mbali huko kwenye miombo, na asali yake ndiyo inayomlisha mama huyu na mapacha wake. Shemeji yake, Mathias, anadai mizinga ni yake. Alama zao zinafanana, kwa kuwa ndugu hao walifundishwa na baba mmoja: misalaba miwili, ila ya Mathias ina mkia mdogo chini. Mfuniko wenyewe huwezi kuuleta kutoka msituni kabla ya kurina asali, nyuki wamo ndani. Tuna picha yake tu.

Basi nikakaa kwenye kiti changu cha ukatibu, ambao nilipewa kwa kuwa nina miwani. Sikio la kwanza linasema "Mizinga ya Ma…" La pili linasema "Mizinga ya Ma…" La tatu ni picha ya msituni. Wazee wamejazana mgongoni kwangu.

"Weka ya mama," akasema mwenyekiti.

Nikaweka.

"Sasa ya msituni."

Nikagusa. Ya mama ikazama.

"Ina mkia!" akadakia mmoja.

"Mkia gani, wewe? Huo ni ufa wa ubao!"

"Katibu, rudisha ya mama tufananishe."

Nikarudisha, kumbe nimeangukia kwa Mathias. Wazee wakauona mkia wake, wakapiga makofi: "Ndiyo hiyohiyo ya msituni!"

Mathias akacheka meno yote nje. "Endelea kuwabofyea, mzee. Mimi sina haraka."

Mama Kulwa alikuwa mbele, mikono mapajani. Akauliza, "Mimi niko wapi hapo?" Kwenye kioo palikuwa na shemeji yake peke yake.

Nikakupigia palepale. Ukasema, "Babu, madirisha mengi yanachafua kioo. Siku hizi kila programu ina vichupo. Ni mbofyo mmoja tu." Mbofyo mmoja! Nani alikulalamikia uchafu? Uchafu ule, mke wangu, ulikuwa watu wawili wanaotazamana.

Mwenyekiti hataki picha za simu za watu. Anasema kilichomo kwenye kompyuta ya chama ndicho cha chama. Jumamosi hii tunakaa kwa mara ya mwisho. Tofauti isipoonekana, mizinga inakwenda kwa mwanamume wa ukoo. Mathias ameshaanza kusokota kamba za kupandia mitini kwenye mizinga.

Sikuombi uivue programu koti uanze upya. Vichupo vibaki kwa wanaovipenda, wavitundike hata puani. Ninachotaka ni kulikamata sikio moja, nilivute nje, liwe dirisha lenyewe, likae ubavuni mwa lingine. Usiniambie haiwezekani. Uliweza ukiwa barazani kwangu, mvua inanyesha, umeme unakatika.

Unaweza kuyatuma marekebisho kwa huo mtandao wako. Lakini afadhali uje mwenyewe, usimame pale mbele, uone unachokiita usafi kinavyofanya kazi. Ukishuka kwenye treni usinitafute mimi. Nenda moja kwa moja Sikonge ukampe Mama Kulwa shikamoo yake. Akiitikia marahaba, ujue kakusamehe.

Mimi bado.

Mumeo mzee,
Babu yako wa Gongoni