Mabwana wa Mji Wako wa Ufaransa

Neema mjukuu wangu,

Hapa mtaani Berea tu wazima, na shangazi yako sasa anashona nguo mtaa wa Fordsburg. Unasema unaona haya wenzako wa shule wakijivunia mtukufu wa kale aliyejenga ngome na kuanzisha mji wao, nao wakikuuliza kwenu kuna nini.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana nilitumwa kwenye mji mdogo kama huo, hukohuko Ufaransa. Mezani kwa chakula, meya alinitajia mabwana wa ngome, akakwama kwa wa nne.

"Na ninyi, kijana, mnamkumbuka nani?"

Nikamtajia mababu zangu mmoja mmoja, kama baba alivyonifundisha, mpaka supu ikapoa.

"Basi, bwana, basi!" meya akasema. "Njoo ukae kwenye kiti changu."

Usibishane nao. Mji wao ni mzuri, uusifu. Kisha wataje wazee wako, ukianza na mimi.

Babu yako