Nilimtoa Binti Yangu kwa Mchezaji wa Walutheri, Naye Amekubali

Shangazi Opal mpendwa,

Naomba msaada wako kabla ya Jumapili, na tafadhali usinicheke, maana hapa nyumbani nimechekwa vya kutosha, hata mbwa siku hizi ananipita kama hanijui.

Mimi ni kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya kanisa letu la Methodisti, na wewe unaijua ligi yetu ya makanisa, wanaume na wanawake wanacheza pamoja majira yote ya baridi, na mwaka huu tumefungwa mpaka mchungaji ameacha kutuombea hadharani, na tatizo letu ni mtu mmoja, shemeji yangu Lyle, kaka wa mke wangu, ambaye akiushika mpira hajui neno pasi, anarusha kutoka popote alipo, ungemsimamisha nje kwenye maegesho ya magari angerusha, nami siwezi kumweka benchi kwa sababu kila Novemba, Siku ya Shukrani, ukoo mzima tunakula bata mzinga kwake.

Sasa Walutheri wana kijana anaitwa Kip Dettmer, mrefu, mwepesi, mikono yake mpira unaing'ang'ania wenyewe, na kocha wao Merle Oberholt hamchezeshi kabisa, anamwingiza mwishoni watu wakiwa wameshavaa makoti, na mimi nikimtazama pale alipokaa roho inaniuma kweli, Shangazi, kipaji kile kinaozea benchi kama boga lililosahauliwa shambani, nikajisemea potelea mbali, Februari hii nitamchukua kwa kubadilishana.

Unajua desturi yetu, kwamba makocha wanaweza kubadilishana wachezaji mpaka Jumapili hii, na anayebadilishwa anahama kwelikweli, anacheza kule, anasali kule, na sufuria yake ya chakula cha pamoja baada ya ibada anaipeleka kule mpaka ligi iishe. Basi nikamfuata Merle kwenye chumba cha chini cha kanisa lao, nikamkuta na kahawa yake.

"Merle, mzee wangu," nikamwambia, "Kip wako anapasha benchi moto tu. Nipe mimi, nikupe Lyle. Lyle ana uzoefu."

"Uzoefu wa kukosa," akasema. "Virgil, hata uniongezee trekta simtaki. Lyle akiushika mpira wenzake hawauoni tena mpaka Pasaka."

"Haya, taja unayemtaka."

Akakoroga kahawa ambayo hata sukari haina. "Nipe Tessa."

Nikacheka mpaka nikashika meza. "Tessa? Tessa wangu huyu anayejaza chupa za maji?"

"Huyo huyo."

"Wewe unaumwa, Merle."

"Mimi mzima kama kengele. Unamtaka Kip au humtaki?"

Lazima nieleze hapa, Shangazi, usije ukanielewa vibaya, Tessa ni binti yangu, ana miaka ishirini, anafanya kazi kwenye ghala la mahindi, na yumo kwenye timu tangu amalize shule, ila simchezeshi kwa sababu ni mfupi, halafu watu wangesema kocha anapendelea damu yake, na chupa nazo lazima zijazwe na mtu, kwa hiyo nikampa Merle mkono upesi kabla fahamu hazijamrudia, nikaendesha gari mpaka nyumbani naimba.

Mezani nikatangaza, "Jamani, nimempata Kip Dettmer! Na sikutoa kitu!"

Mke wangu Jolene akanitazama. "Merle Oberholt ametoa mtu bure? Merle yule anayehesabu biskuti?"

"Si bure kabisa. Nimemtoa Tessa."

Jolene akaweka kijiko chini. Tessa hakulia wala hakugomba, aliniuliza swali moja tu.

"Baba, ni kocha Merle aliyenitaja, au ni wewe uliyenitoa?"

"Yeye ndiye aliyekutaja. Mimi hata nilicheka."

"Ulicheka."

"Kidogo."

"Basi nimekubali," akasema, akachukua koti, akaenda kwenye ghala letu la nyuma ya nyumba, ambako tulitundika kikapu alipokuwa mdogo, nasi tukabaki mezani tunasikia mpira unadunda, kisha unanyamaza, kisha wavu unasema shwaa, unadunda, shwaa, na Jolene kila ukisema shwaa ananitazama.

Habari zimeshaenea mji mzima, na ubaya zaidi ni kwamba zile tambi za kuku zinazomwagwa juu ya viazi vya kuponda, ambazo waumini wetu huzipangia foleni kabla hata ya sala ya mwisho, mpishi wake ni Tessa, alifundishwa na marehemu mama yangu, nazo zinahamia kwa Walutheri pamoja naye, mchungaji amenipigia simu akasema, "Virgil, kufungwa tumezoea. Lakini tambi?" Mtu pekee mwenye furaha ni Lyle, anapita akijisifu, "Mmeona? Walinitaka, wakashindwa bei."

Shangazi, kanuni inasema anayebadilishwa lazima atamke kwa kinywa chake mwenyewe, Jumapili baada ya ibada, kwamba amekubali, nasi wote tulidhani ni mapambo tu, hakuna aliyewahi kukataa. Nimwambie nini binti yangu ili akatae? Na kama inawezekana, Kip nibaki naye?

Tafadhali usitaje jina langu gazetini.

Mimi, Baba Aliyeshikwa Pabaya

*

Virgil mwanangu,

Unaomba nifiche jina lako, halafu ndani ya barua yako mwenyewe watu wawili wanakuita kwa hilo jina. Mimi nimeajiriwa kushauri, miujiza iko kwa mchungaji wako.

Pole. Naitoa mara moja, iweke vizuri. Najua unampenda binti yako, maana mtu asiyempenda angelala usingizi baada ya ile shwaa. Sasa funga mkanda.

Wewe umekaa upande mmoja wa ukumbi, ukaona kipaji cha mtoto wa watu kinaoza upande wa pili, roho ikakuuma. Wa kwako alikuwa amekaa ubavuni pako na chupa mikononi, unakunywa maji yake, na roho ikatulia tuli. Usijione peke yako, Merle naye ni wa kupigwa bakora, maana Kip hakumwona mpaka leo. Wazee wawili mnachungulia jiko la jirani huku vyungu vyenu vinaungua. Tofauti ni kwamba Merle alipochungulia kwako alijua anachokiona, ndiyo maana alikoroga kahawa isiyo na sukari. Alikuwa anaficha uso, mwanangu.

Na hizo sababu zako! Ati mfupi. Lyle ana kimo cha mlingoti, amewasaidia nini? Ati watu watasema unapendelea. Virgil, unamchezesha shemeji kwa ajili ya bata mzinga! Upendeleo umeufanya mpaka umeota mizizi, umemnyima mtu mmoja tu, naye ni yule uliyemzaa.

Sasa unataka nikufundishe maneno ya kumfanya akatae. Sikufundishi. Akikataa anarudi kwenye nini, chupa? Hukulisikia swali lake pale mezani. Alitaka kujua kama yuko mtu yeyote, katika mji huu mzima, aliyefungua kinywa na kusema namtaka Tessa. Wewe ukamjibu kwamba yuko, ni Merle, na kwamba baba yake alicheka. Baada ya jibu hilo hata mimi ningebeba sufuria yangu nikaenda kwa Walutheri, na magoti yangu haya.

Nisikilize basi. Leo jioni akiingia ghalani, mfuate. Usiende na hotuba, wala usimrekebishe kiwiko. Simama chini ya kikapu, okota mpira, mrudishie, okota tena, mrudishie, ndiyo kazi yako leo. Akichoka mwambie, "Nilikosea kucheka," kisha funga mdomo, hata kama kimya kinakuwasha. Asipokujibu, ni haki yake.

Jumapili mwache aseme alichoamua kusema, kwa kinywa chake, na kichwa chako kiwe juu kama cha baba wa bibi harusi. Kip mchezeshe tangu filimbi ya kwanza, maana nikisikia umemkabidhi chupa nitakuja mwenyewe ukumbini. Chupa mpe Lyle. Atanuna. Siku ya Shukrani ni Novemba, na kama hasira itakuwa haijapoa mpaka Novemba, basi pikeni kwenu, bata mzinga wanauzwa kila duka. Mchungaji naye mwambie ana mikono miwili na unga upo. Akishindwa, mlango wa Walutheri haufungwi kwa mwenye njaa.

Machi mtakutana nao, hilo halina pa kukwepea. Binti yako atakuja na mpira upande wenu, mfupi vile vile, na kimo cha Kip hakitamzuia, maana ameshindana na ukimya wako miaka yote hii na hajaacha kurusha. Atafunga. Ukumbi mzima utageuka, hawatamtazama yeye, watalitazama benchi lako waone uso wako umekaaje. Simama, Virgil. Piga makofi mpaka viganja viume, na watu wako wakununie wakitaka. Na mtu akija kukuuliza siku hiyo ulitoa nini kumpata Kip Dettmer, mwonyeshe kwa kidole kule uwanjani, na usithubutu tena maishani mwako kusema hukutoa kitu.

Shangazi Opal