Neno la Shukrani kwa Ndugu Rwegasira

Igogo, Mwanza
11 Agosti 1974

Dada yangu Kemilembe,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na shangazi bado anauza dagaa.

Jana shule yetu ilikwenda kusikiliza mhadhara wa hadhara. Mhadhiri kutoka chuo kikuu alikuwa Rwegasira, yule aliyefanya utafiti kijijini kwetu akakuachia mimba. Alizungumzia malezi katika jamii ya kijamaa. Uliniomba nisimtaje popote, nami nilitii, mpaka mwalimu aliponiteua kutoa neno la shukrani.

Neno la shukrani halikatizwi. Nilisema, "Tunamshukuru Ndugu Rwegasira kwa kutufundisha wajibu wa baba." Wakapiga makofi. "Tunamshukuru pia kwa mwanawe aliyeko Bukoba kwa dada yangu, anayengoja baba ampe jina."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Ndugu mhadhiri, ni wako au si wako?"

Akafuta miwani. "Ni wangu."

"Basi meli ya Bukoba inaondoka kesho jioni!"

Ukumbi ukacheka. Mzee Lwakatare wa ukoo wake, aliyekuwapo ukumbini, atasafiri naye, asije akatoroka.

Mwalimu ameniadhibu kufyeka nyasi wiki nzima. Nitafyeka nikiimba.

Barua hii nimempa Mzee Lwakatare akukabidhi kwanza. Dada, usimkaribishe Rwegasira ndani upesi. Mwache asimame uani juani mpaka majirani wote wajae, ndipo ampe mtoto jina.

Mdogo wako asiyesahau,
Justa