Saa ya Mkubwa Ilisimama Alipokuwa Akinywa Maji

Shangazi mpendwa,

Kwanza nakuomba usiseme ninafanya kazi wapi, na mimi nitajitahidi nisiseme, maana mkubwa wetu hununua gazeti hili kila Alhamisi kwa ajili ya safu yako tu, na wakati wa chai huisoma kwa sauti mbele ya ofisi nzima, akiigiza sauti za wanaokuandikia, akitikisa kichwa na kusema, "Hawa watu hawana wakubwa wa kuwashauri?" Kwa hiyo ukinitaja nimekwisha. Niite Karani tu. Makarani ni wengi.

Bado niko katika muda wa majaribio, na mwisho wa mwezi huu mkubwa ndiye atakayetia saini kwamba nimethibitishwa kazini au nirudi nyumbani kwa dada yangu, ambaye nimpe heshima yake, ananilisha vizuri, lakini ameshawatangazia majirani wote kwamba mdogo wake ameajiriwa moja kwa moja, tena na mmoja wao ameanza kuniita meneja.

Kilichonifikisha hapa ni saa. Mkubwa wetu alianza kukimbia baada ya daktari kumwambia jambo ambalo sisi hatukuambiwa, akanunua viatu vya rangi ya ndizi mbivu pamoja na saa kubwa ya kukimbilia, ile inayohesabu umbali, mapigo ya moyo na hata usingizi, na kwa kuwa kijitabu chake cha maelezo kina maandishi madogo, aliivua akanipa, akasema, "Wewe umetoka shule juzi, hebu itie adabu hii." Nikaitia adabu. Baada ya siku chache akarudi amekunja uso, akasema saa inamwonea, kwamba asubuhi akisimama njia panda kusubiri magari yapite, yenyewe inaendelea kumhesabia muda kama vile anakimbia. Nikapekuapekua ndani yake nikakuta sehemu ya kuifanya isimame yenyewe kila mvaaji anaposimama na iendelee anapoanza tena kwenda, nikaiwasha sehemu hiyo, nikamrudishia saa yake, naye alifurahi kiasi cha kunihamishia kwenye meza ya karibu na dirisha. Sikumweleza nilichofanya. Nilisema tu, "Sasa haitakuonea tena, mkubwa." Shangazi, maneno hayo ndiyo ninayoyajutia sasa.

Maana baada ya hapo zilitangazwa mbio za kilomita kumi, mkubwa akajiandikisha, na mhasibu wetu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, naye akajiandikisha kimyakimya, na siku mkubwa alipojua walipeana ahadi mbele yetu wote kwamba atakayeshindwa ataipika chai ya ofisi na kuwamiminia wafanyakazi wote kwa mwezi mzima. Ujue kwamba mkubwa wetu hajawahi kugusa birika. Akitaka kuongezewa hukisukuma kikombe chake kwa kidole kimoja hadi mtu aone. Na anayepika chai kwa sasa ni mimi, kwa hiyo utasema nina maslahi yangu katika jambo hili, na kweli sitakataa kwamba ningependa mara moja moja nikae nimiminiwe, hata kikombe kimoja, kijiko kimoja cha sukari, kama watu wengine. Lakini nakuapia sivyo ninavyofikiri.

Siku ya mbio nilitumwa nikae pembeni ya barabara nimpige picha mkubwa akikimbia. Njia yenyewe ilikuwa ya kuzunguka, kwa hiyo nikikata vichochoro nilifanikiwa kumwona mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amesimama. Mara ya kwanza alikuwa kwenye meza ya maji, mkono kiunoni, akimweleza mteja wetu mmoja kwa nini mzigo wake umechelewa. Mara ya pili alikuwa akifunga kamba ya kiatu, ameketi. Mara ya tatu, nisamehe Shangazi, alikuwa kwenye foleni ya choo. Picha ya kukimbia sina hata moja. Alipofika mwisho aliitazama saa yake akainua mkono juu akapiga kelele, "Hamsini na tisa! Chini ya saa moja!" nami nikapiga makofi, kwa sababu nilikuwa namwangalia yeye na sikufikiri.

Matokeo rasmi yalipotoka, mhasibu alikuwa na saa moja na dakika tatu, mkubwa saa moja na dakika saba. Hayo hupimwa na chipu, kile kidude kilichobandikwa nyuma ya namba ya kifuani, ambacho huanza kuhesabu unapokanyaga mkeka wa kuanzia na huacha unapokanyaga wa kumalizia, na hapo katikati hakijali kama unakimbia, unakunywa au unasalimiana na wateja.

"Chipu yao mbovu," mkubwa alisema Jumatatu, kabla hata hajaketi.

"Na yangu mbovu?" mhasibu aliuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Yako siijui. Yangu imeniongezea dakika nane za bure."

"Bosi, tumekanyaga mkeka mmoja."

"Mama, saa hii inaongea na satelaiti! Inaniona kutoka angani!"

"Mimi sina saa, bosi. Nina miguu. Birika liko pale."

Watu walicheka, na hapo ndipo mkubwa alipopandwa na mori, akanyoosha kidole upande wa dirishani, yaani kwangu. "Ijumaa ya wiki ijayo kwenye kikao, kijana huyu atasimama atueleze kitaalamu kwa nini saa ni sahihi kuliko chipu. Si ndiye aliyeiweka sawa? Si amesoma?" Ofisi nzima ikanigeukia. Mhasibu akanitazama juu ya miwani yake, akasema taratibu, "Tutamsikiliza." Nikasema ndiyo, mkubwa. Sijui ni nani aliyesema ndiyo kwa mdomo wangu.

Tangu siku hiyo nimekonda. Nikisema saa iko sahihi nitakuwa nimesema uongo mbele ya mhasibu ambaye husikia kosa kwenye hesabu kama mtu anavyosikia maziwa yakimwagika jikoni. Nikisema chipu iko sahihi, saini yangu ndiyo hiyo imekwenda. Nilifikiri niombe saa nikaichaji, niizime ile sehemu, ijulikane ilikuwa hitilafu, na kweli niliiomba, ila nilipoifungua nikakuta jambo baya zaidi: ukibonyeza kitufe cha chini unakuja ukurasa wa pili, na pale saa yenyewe imeandika muda wote tangu alipoanza mpaka alipofika, saa moja na dakika saba, sawasawa na chipu. Yaani mkubwa anatembea na ushahidi mkononi, na kila akijikuna mkono moyo wangu unasimama. Nikamrudishia bila kugusa kitu.

Dada yangu nilipomsimulia aliacha kukuna nazi akaniuliza, "Kwani wewe umefunga ndoa na ukweli? Sema saa nzuri, chukua kazi, ukweli utatafuta mwingine." Lakini yeye hatasimama Ijumaa. Nifanye nini, Shangazi? Nitashukuru ukijibu haraka, na ikiwezekana kwa mafumbo.

Wako mwenye hofu,
Karani Asiyetajwa


SHANGAZI ANAJIBU

Karani Asiyetajwa,

Umeniomba nikufiche, kisha ukanitajia viatu vya rangi ya ndizi mbivu. Mwanangu, kwa viatu hivyo hata mimi nisiyekujua ningekukuta ofisini kwako kabla ya saa sita mchana. Mafumbo hayatakusaidia tena. Tuongee wazi.

Pole kwanza. Kuombwa usimame mbele ya watu uitetee saa ya mtu anayeshika kalamu ya kazi yako si jambo dogo, na kuogopa hapo ni akili. Lakini nisikubembeleze sana, maana kuna pahali umekosea na unapazunguka. Ulimpa mkubwa wako dawa bila kumwambia ni ya nini. Ukamwambia "haitakuonea", naye akakuamini, akaenda nayo mbioni, akapiga kelele mbele ya umati kwa sababu alidhani anasema kweli. Hilo ndilo unalodaiwa kumweleza. Mengine yote ni yake.

Saa haina kosa. Uliiambia isihesabu akisimama, ikatii, na nani asingependa mfanyakazi wa namna hiyo? Chipu nayo haina kosa. Asubuhi njia panda mtu anajipima anavyokimbia. Siku ya mbio anapimwa anavyofika, na maji, kamba za viatu na wateja wenye malalamiko vyote viko ndani ya safari. Umesoma, ungeweza kuyasema haya kwa dakika moja. Badala yake umekonda.

Na ule mpango wa kuizima kisirisiri ili isingiziwe ubovu, sitaki kuusikia tena. Ulikuwa karibu kugeuza kosa la kusahau kuwa kosa la kukusudia. Ushauri wa dada yako nao mwachie aendelee na nazi yake. Mwambie pia amweleze yule jirani kwamba umeneja bado.

Sasa sikiliza. Jibu hili nimekutumia kwenye simu yako leo Jumanne, kwa namba uliyoniachia. Gazeti linatoka Alhamisi. Una Jumatano nzima, na sikuongezei hata nusu siku, kwa sababu watu kama wewe wakipewa wiki wanaitumia yote kutetemeka.

Kesho mfuate mkubwa wako asubuhi, akiwa peke yake, mapema kabla ya chai. Funga mlango. Usianze na hali ya hewa. Sema, "Mkubwa, kuna kosa langu kuhusu saa yako." Mweleze uliwasha nini na kwa nini. Kisha mwombe abonyeze kile kitufe cha chini yeye mwenyewe, na wewe utazame dirishani mpaka amalize kusoma. Usimsomee. Mtu akiisoma habari yake mwenyewe huimeza vizuri zaidi. Samahani sema mara moja, ya pili itamkera. Akiuliza kuhusu Ijumaa, mwambie utasimama kama alivyoagiza, utaeleza saa inavyofanya kazi, na utasema wazi kwamba aliyeipanga ni wewe. Hapo utakuwa umembebea nusu ya aibu, na ni mtu mgumu sana atakayekufukuza ukiwa umembebea mzigo.

Ya choo usiyataje. Hayo yabaki kati yako, mimi na wasomaji wote wa gazeti hili.

Akikataa kukuthibitisha kwa sababu umemwonyesha saa yake mwenyewe, basi utoke ukiwa umenyooka, maana ungebaki hapo, kila mwaka ungesimama Ijumaa moja kutetea kitu kingine. Lakini sidhani. Mtu aliyekupa meza ya dirishani kwa ajili ya kusaidiwa saa ana shukrani ndani yake, hata kama huonekana tu anapofanyiwa linalompendeza.

Na sasa wewe mkubwa.

Leo ni Alhamisi, umesimama na gazeti, na umefika hapa ukisoma kwa sauti. Najua ile sauti ya kumwigiza karani uliiacha tangu kwenye viatu. Pandisha kidogo, walio nyuma hawakusikii.

Kama kijana alikuja jana na bado leo umelisoma hili mbele za watu, nakuvulia kilemba, una moyo kuliko nilivyosimuliwa. Kama hakuja, usimtazame hivyo. Aliyekuambia hadharani ni mimi, na mimi huna saini ya kuninyima. Umekimbia kilomita kumi kwa miguu yako, ukasimama kunywa maji kama daktari anavyotaka, ukafika. Hakuna ofisini humo atakayekucheka zaidi ya mwezi mmoja, na mwezi huo tayari una kazi yake.

Mthibitishe huyo kijana. Mtu anayekonda kwa ajili ya dakika nane zisizo zake, unaweza kumwachia funguo zote za makabati ukaenda kukimbia bila wasiwasi.

Kisha kunja gazeti, uweke kando saa, usogee. Mama mhasibu ameshakuonyesha birika lilipo. Karani anatumia sukari kijiko kimoja.