Baiskeli Imewaka

Kwako Thuan,

Huku Vinh mvua imekatika, na mama yako anakula vizuri. Baiskeli yangu ya umeme, ninayoendea kazini, ilizimika kwenye maji ya mafuriko. Mdogo wako Luc akacheka: "Shemeji, hiyo sasa ni chuma chakavu. Acha kazi, ukae nyumbani na mama."

"Kaa wewe!" nikamjibu.

Nikaifungua mwenyewe uani, nikakausha nyaya zote na kubadilisha waya ulioungua kwenye betri. Ilipowaka, mama yako alipanda nyuma akasema, "Twende sokoni, mwanangu, Luc atuone!"

Habari za mwanamke wako wa huko Taipei unakofanya kazi zimetufikia. Usihangaike kutafuta maneno. Ukirudi, bisha hodi kama mgeni. Mama yako ndiye atakayeamua kama tukufungulie.

Ni mimi,
Nhan